Nawapimaje wanafunzi fikra zao, si unadhifu wa picha tu?

Mwl_Penseli: Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha kuchora, wanafunzi wa miaka 14 hivi. Niliwapa mada moja: kiti. Binti mmoja kaleta kiti safi mno, vivuli vimekaa mahali pake. Mvulana mmoja picha yake haijaisha, ila daftari lake lina kiti kinachotazamwa kutoka chini, kiti kilichobaki kivuli tu, na kiti ambacho mguu mmoja umekuwa mzizi. Jedwali la alama nililopewa linadai unadhifu, uwiano na kumaliza kwa wakati. Kwa jedwali hilo binti anapata 85, mvulana 40. Siwezi kuzitia sahihi alama hizo moyo ukatulia. Nyie mnafanyaje?

Udongo: Mwalimu, anza na daftari ndipo uende kwenye picha. GCSE ya sanaa, yaani mtihani wa sekondari kule Uingereza, ina malengo manne yenye uzito sawa: kukuza mawazo, kuyaboresha kwa kujaribu vifaa na mbinu, kurekodi, na kuwasilisha kazi yenyewe. Yaani hilo la mwisho ni robo tu! Ila tahadhari: wakishajua daftari lina alama, wapo watakaomaliza picha kwanza, kisha warudi nyuma kuchora "majaribio". Mimi kwenye ufinyanzi natia tarehe kila ukurasa wakiwa bado kazini, na namwuliza kila mmoja: wazo gani uliliacha, na kwa nini? Aliyefikiri hujibu papo hapo. Aliyebuni majaribio baadaye hujiumauma.

Bi_Rangi: Naongezea, usihesabu mawazo tu. Vipimo vya ubunifu vya Torrance vya mwaka 1966 vilitazama wingi wa mawazo, lakini pia utofauti wake, upekee na jinsi yalivyoendelezwa. Viti kumi vinavyotofautiana rangi tu, kwangu ni wazo moja. Tena usihukumu peke yako. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Teresa Amabile alieleza njia ninayoipenda: wajuzi wa fani wanazipima kazi kila mmoja kivyake, bila kushauriana, wakizilinganisha zenyewe kwa zenyewe badala ya kutafuta kazi kamilifu. Ficha majina, ita walimu wawili. Mkipishana sana kwenye kazi moja, hiyo ndiyo ya kujadili.

Mwl_Penseli: Ahsanteni sana. Daftari na tarehe naanza mara moja. Lakini binti naye nisimdhulumu; vivuli vile amevitolea jasho, na ufundi nao ni kujifunza. Nadhani kosa ni kulazimisha vitu viwili viingie kwenye namba moja. Nitaandika alama mbili, ufundi kando, fikra kando, na mzazi azione zote.

Udongo: Hapo sawa kabisa. Waoneshe wanafunzi safu hizo mbili kabla hujatoa mada inayofuata, siyo wakati wa kurudisha kazi.