Tangazo la mafuta ya alizeti: "furaha ya nyumba" ipo jikoni kweli?

MsindikajiKongwa: Wakuu, habari za jioni. Tuna skripti ya redio ya sekunde 30, mafuta ya alizeti, dumu la lita 5, wasikilizaji wa Dodoma na Singida. Mama anakaanga, baba anarudi kazini, anaonja: "Leo umenifurahisha, mke wangu!" Kisha sauti nzito ya kiume: "Furaha ya nyumba ipo jikoni." Nusu ya wenzangu wanasema inamdunisha mwanamke, nusu wanasema ndivyo tunavyoishi. Turekebishe wapi?

FundiSauti: Mkuu, mama kuwa jikoni si kosa. Hesabu vitenzi. Mama anakaanga, basi. Baba anaonja na kuhukumu, halafu mwanamume mwingine ndiye mjuzi wa mafuta. Mnunuzi mwenyewe hana la kusema! Mpe yeye ujuzi: yuko dukani Majengo, Dodoma, analiinua dumu kwenye mwanga aone kama kuna mashapo chini, anauliza kama yanatoa povu. Mafuta yenye unyevu au yasiyochujwa vizuri huumuka povu kwenye karai, na kila mpishi anaijua kero hiyo.

Halafu pita eneo la Sabasaba hapo Dodoma jioni uone nani amesimama mbele ya karai la chipsi. Wengi ni vijana wa kiume, na wanamaliza dumu haraka kuliko familia. Skripti yenu imewaacha wateja hao nje.

Bi Nkuhungu: Ila msigeuze kibao mkaweka baba anayeunguza vitunguu ili watu wacheke. Ni dharau ileile, imehamia kwa mwingine tu. Uingereza walianza kutumia kanuni ya kuzuia mambo haya Juni 2019. Agosti wakapiga marufuku matangazo mawili ya kwanza: la jibini la Philadelphia, akina baba wamezubaa mpaka watoto wanabebwa na mkanda unaozungusha chakula mgahawani, na la gari la Volkswagen, wanaume wako kwenye chombo cha angani, mwanamke amekaa kando ya kigari cha mtoto.

MsindikajiKongwa: Nimekupata dada. Na neno "furaha"? Bosi analipenda sana.

Ticha_Makulu: Hilo ndilo baya kuliko yote. Mafuta huleta raha, tena ya mlo mmoja. Ulimi ukizoea, imekwisha. Wanasaikolojia Brickman na Campbell waliliandika mwaka 1971: mtu hulizoea jema jipya, akarudi palepale alipokuwa. Furaha ya nyumba ni habari ndefu, ya kusikilizana, heshima, ada ya mtoto kulipwa. Ukiifunga kwenye dumu, unamwambia mama kwamba baba akinuna, mchuzi wake ndio wenye kosa. Andikeni "raha ya mlo", au msiseme kabisa.

FundiSauti: Urefu: maneno yetu ni marefu, kwa sekunde 30 yasizidi 60 hivi, la sivyo msomaji atakimbizwa. Sekunde 5 za mwisho ni za jina na bei. Jaribuni hii:

(Sauti ya karai.)
KIJANA: Shikamoo mama. Nataka mafuta ya chipsi, yasiyotoa povu.
MAMA MWENYE DUKA: Marahaba. Inua dumu, tazama chini. Kuna mashapo?
KIJANA: Hamna kitu.
MAMA: Chukua hayo. Hata nyumbani napikia hayohayo.

Kabla ya kulipia studio, wasikilizisheni wanawake na wanaume mbalimbali, kila kundi peke yake, na muwaulize swali moja tu: hapa nani anayajua mafuta?