Masika na maji ya chini: sie tunaokaa mabondeni tupeane uzoefu

Asalaam aleikum jamaa. Masika ndo hayo yanabisha hodi na sie wa huku Unguja, Kibonde Mzungu, Mwanakwerekwe, Sebleni na kwengineko tushajua shughuli yake. Mtaani kwetu mwezi wa nne kisimani unachota kwa mkono, kamba ya nini, sasa mtu anakuja anakwambia chimba shimo ujaze mawe maji ya mvua yazame, yazame wapi na shimo lenyewe limeshajaa kwa chini? Mie fundi anosema "ongeza kina" namuona hajapata kulala bondeni. Nyie mmefanyaje?

Wa Fuoni: Sie tumeyakamata juu kabla hayajafika chini. Gata bati zima, yanaingia tangini, likijaa bomba linayatoa mpaka mtaro wa barabarani, hakuna tone linalomwagika kwenye msingi. Ila pigeni hesabu, bati la mita 10 kwa 10 mvua ya milimita 50 ni lita 5,000, kitangi kimoja kinajaa hata hujamaliza chai.

Wa Jang'ombe: Mchunge na makaro ya vyoo jamani! Jirani yangu karo lake tangi la plastiki, masika yamepamba moto kaita gari likanyonya likakauka kabisa, asubuhi tangi limeibuka juu, limeng'oa bomba la choo na sakafu imepasuka wallahi. Maji ya chini yanalisukuma likiwa tupu. Lifungwe kwa zege tangu siku ya kuliweka, na kunyonya ni kiangazi.

Wa Wete: Huku Pemba vilima, yetu yanashuka kwa jirani wa juu. Tumekata mfereji nyuma ya nyumba, wa kina kifupi tu lakini mpana na una mteremko, yanazunguka mpaka bonde la mpunga. Ukiuchimba sana unakutana na chemchem, yanasimama humo humo yanazaa mbu.

Mwenye mada: Shukran. Na hawa wanaojaza kifusi kiwanja kizima wakainuka, maji yote wakatuletea sie? Wa kwetu aliyejaza, sheha, kiongozi wetu wa mtaa, kamwita, wamekubaliana aache njia ya maji ukutani. Wa Fuoni, huo mtaro nani anauzibua? Wetu mifuko na mchanga mtupu.

Wa Fuoni: Wenyewe, kabla ya mwezi wa tatu, kila nyumba mtu mmoja na koleo lake. Asotoa mtu analeta chai na mandazi, na yawe ya kutosha.