Zulia limeoshwa jana asubuhi, leo bado bichi

Mpangaji_Milimani
Wakuu, nisaidieni. Niko Kisumu, Milimani, chumba cha kulala chenye zulia la ukuta hadi ukuta na sponji chini yake. Jana saa nne asubuhi limeoshwa kwa ile mashine ya kumwaga maji moto na kuyavuta. Niliambiwa litakauka kwa saa 6 tu. Leo saa moja asubuhi bado bichi, hasa karibu na kabati, linanuka kama tambara la deki lililosahauliwa ndooni, na kumetokea madoa ya kahawia ambayo hayakuwepo. Madirisha yalikuwa wazi usiku kucha. Nina feni moja ya kusimama. Pia kuna zulia dogo la manyoya, nimelianika kwenye kamba ya waya.

Hewa_Kavu
Saa 21 zimeshapita. Zulia la nailoni au polipropilini likivutwa maji sawasawa hukauka kwa saa 6 hadi 12. La sufu huweza kumaliza siku nzima. Kati ya saa 24 na 48 kuvu huanza kujitafutia makao, kwa hivyo shughulika sasa hivi.

Waite waliokuoshea warudi na mashine. Wapitishe kichwa chake pole pole mara tatu au nne bila kubonyeza kitufe cha maji, mpaka mrija usionyeshe maji yanayopita. Pengine hapo ndipo walipoharakisha jana. Maji ambayo mashine inayatoa kwa dakika kumi, feni itahangaika nayo mchana kutwa. Wakikataa, tandika taulo kavu, zikanyage kwa uzito wako wote, badilisha zikilowa.

Feni ishushe hadi mwisho na uielekeze ipulize sambamba na zulia, kutoka kona ya kabati kuelekea mlangoni. Ukiielekeza chini moja kwa moja, unakausha duara moja tu. Isogeze kila baada ya saa moja.

Kuhusu madirisha: usiku joto likishuka, unyevu wa hewa hupanda, na hapo karibu na ziwa ndio kabisa. Hewa iliyoshiba maji haichukui mengine. Fungua jua likishapanda, mawili yanayotazamana ili hewa ipite, na ufunge mawingu ya alasiri yakianza kujikusanya.

Kapeti_Nakuru
Nyongeza kuhusu kabati. Liondoe, au liinue na uweke vipande vya plastiki chini ya miguu. Mbao iliyopakwa rangi huacha doa kwenye zulia bichi, na chuma huacha kutu, ambayo haitoki kirahisi.

Madoa ya kahawia yana sababu mbili. Zulia linapokauka, maji hupanda kupitia nyuzi na kubeba uchafu uliokuwa chini, kisha huuacha kwenye ncha. Hilo huisha kwa kusafisha ncha tu, bila kulowesha upya. Sababu ya pili ni mgongo wa juti (nyuzi kama za gunia): ukikaa na maji muda mrefu, hasa sabuni kali ikibaki, hutoa rangi ya kahawia. Changanya siki nyeupe kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, jaribu kwanza pembeni, nyunyiza kidogo, gandamiza kwa kitambaa cheupe. Usisugue.

Magadi usiguse, ni makali kama hiyo sabuni; ni kama kumwongezea mgonjwa homa. Bekingi soda ni ya harufu, na hunyunyizwa zulia likishakauka. Kwenye zulia bichi inageuka uji na kugandia nyuzi.

Mpangaji_Milimani
Asanteni sana. Je, nikiwasha jiko la makaa humo ndani na kufunga mlango?

Hewa_Kavu
Hapana! Makaa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu, na inaua. Jiko la gesi nalo hutoa mvuke, unaongeza kile unachokimbia. Hata joto salama bila njia ya hewa kutoka hugeuza chumba kuwa sufuria iliyofunikwa.

Kapeti_Nakuru
Lile la manyoya literemshe. Waya huacha mstari wa kutu, na uzito wa maji unavuta mgongo mpaka gundi inapasuka pale kwenye mkunjo. Lilaze juu ya kreti nne za plastiki au benchi mbili, kivulini penye upepo, manyoya chini kwanza, kisha ligeuze. Jua kali la mchana hupausha rangi na kukausha gundi hadi inakatika kama biskuti.

Halafu usiamini kiganja, kwa kuwa juu hukauka kabla ya chini. Bonyeza karatasi nyeupe ya tishu kwa kisigino, hesabu hadi 15. Ikilowa, feni iendelee. Ikiwa kavu lakini harufu ipo, inua kona moja kwa koleo (plaizi), ukijihadhari na ubao wenye misumari ukutani, uipapase sponji. Iliyoloa na kunuka hukatwa na kubadilishwa. Haifai kufunikwa tena.