Mrejesho: Vifaa vya kufufua Land Rover, kununua au kukodi?

Wakuu, habari za saa hizi. Niliuliza hapa kama ninunue vifaa au nikodi, maana nafufua Land Rover Series III ya mzee uani kwangu Nkuhungu, Dodoma. Ahsanteni kwa ushauri, kazi inasonga.

Spana na soketi nimenunua, tena za inchi. Gari hili bolti zake nyingi si za milimita: kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, ukikitia spana ya 13 inacheza, ukilazimisha unakula kona zote. Seti za inchi za kukodi sikupata, wengi wana za Toyota, yaani za milimita.

Winchi ya kunyanyulia injini nimekodi. Injini ikishatoka, lile dude la winchi linakaa tu na kuziba njia, na mama watoto alishaanza kununa.

Jeki ya kukodi ilinitisha. Oili inavuja kwenye sili, gari linashuka taratibu huku unaliangalia. Nikanunua stendi nne za kuegemezea gari siku hiyohiyo. Chini ya gari siingii kwa kutegemea jeki, hata iwe mpya.

Kompresa ya kupulizia rangi ndiyo bado inaniumiza kichwa. Ya kukodi inahesabiwa kwa siku, na upepo wa Dodoma mnaujua: ukivuma, vumbi lote linanasa kwenye rangi mbichi, na hela ya siku imeenda. Fundi jirani kasema tugawane gharama tununue moja. Naelekea huko. Picha zinakuja chesisi ikishachomelewa.