Rasi ya Yucatán au Guatemala: wapi pa kukaa kwa utulivu ili kuwajua Wamaya?

Mwenda Pole
Salaam wanajukwaa. Likizo yangu ndefu inakaribia, na wakala wa tiketi amenishikia nafasi mbili hadi Ijumaa: moja ya Cancún na nyingine ya Guatemala City. Nimechoka na safari za kupiga picha na kuondoka. Safari hii ninataka kupanga chumba mahali pamoja, niende sokoni pamoja na wenyeji, na niyatembelee magofu ya Wamaya kidogo kidogo. Upande wa Meksiko ninafikiria Mérida au Valladolid. Upande wa Guatemala ninafikiria Flores, kisha Ziwa Atitlán. Wenye uzoefu nisaidieni: upi ulio bora?

Mzee wa Kisimani
Ndugu Mwenda Pole, umeuliza swali kubwa ukayaacha mambo yote yanayoliamua. Unasafiri kwa pasipoti ya nchi gani, na una visa gani ndani yake? Unakwenda mwezi gani? Unajua Kihispania? Je, magoti yako yanapanda ngazi? Mwenye visa hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au ya Schengen huingia Meksiko bila kuomba visa ya Meksiko, lakini Guatemala ina masharti yake, na ukitoka katika nchi yenye homa ya manjano utadaiwa cheti cha chanjo. Tujibu hayo kwanza, ndipo tukushauri.

Binti wa Makupa
Mzee ameuliza vyema, ila mimi sitasubiri majibu: nenda Mérida. Ni mji ulio tambarare na mabasi yake ni ya kuaminika, nawe unaweza kwenda Uxmal asubuhi ukarudi jioni, kwa kuwa umbali wake ni kilomita 80 hivi. Watu wengi hukimbilia magofu ya Chichén Itzá kwa mabasi yanayotoka Cancún, wakafika saa tano jua likiwa kali, wakaiona piramidi ya Kukulkan katikati ya umati na wachuuzi wa vinyago, kisha wakasema wamewaona Wamaya. Anayelala Valladolid anaweza kuwa mlangoni saa mbili asubuhi kunapofunguliwa, na hayo ni magofu mengine kabisa.

Lakini kinachonivuta hasa ni vilima vya Puuc, yaani Uxmal, Kabah, Sayil na Labná. Huko hakuna mito, na maji ya ardhini yako mbali mno kuchimbiwa kisima, kwa hiyo wajenzi walichimba mabirika chini ya nyua zao, wakayapaka lipu ndani na kuinamisha sakafu ya uwanja ili mvua yote ikimbilie kwenye tundu moja. Sisi tuliolelewa katika nyumba zenye birika la mvua hatuhitaji kuelezwa maana yake. Ukisha kuyaona mabirika hayo, utaelewa kwa nini ukuta mzima wa jengo moja la Kabah umejazwa nyuso za Chaak, mungu wa mvua, kwa mamia, zote zenye pua ndefu iliyopinda. Mtalii wa siku moja huiona pua akacheka; anayekaa mwezi mzima hulitafuta tundu la birika.

Fundi Chokaa
Dada Binti, maneno mazuri, lakini Yucatán imekwisha kuwa bustani ya watalii. Hata kupanda piramidi ya Chichén Itzá kumepigwa marufuku miaka mingi sasa. Nenda Petén, kaskazini mwa Guatemala, kalale El Remate au Flores, ununue tiketi ya mji wa kale wa Tikal zaidi ya siku moja, na uingie alfajiri. Hekalu la Nne lina urefu wa mita 65 hivi, na kuna ngazi za mbao za kupandia. Ukiwa juu unaona vichwa vya mahekalu mengine vikitokeza juu ya msitu, huku nyani wa huko wakinguruma kama simba.

Mimi ni mtu wa ujenzi, kwa hiyo hushangazwa na chokaa kuliko sanamu. Viwanja vile vyote vya Tikal vilisakafiwa kwa chokaa, na kila tanuri la chokaa lilikula miti mingi mibichi. Mwaka 2018 watafiti waliopima msitu wa Petén kwa mionzi ya leza kutoka ndegeni, katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000, walitangaza kuwa wameona majengo zaidi ya 60,000 yaliyofunikwa na miti, pamoja na barabara zilizoinuliwa, ngome na mashamba ya matuta. Kwa hiyo msitu unaouona umeota juu ya miji ya Wamaya, watu waliopotea miaka elfu moja iliyopita.

Bi Mkunguni
Ndugu Fundi, hapo kwenye “watu waliopotea” sikubaliani nawe. Ni kweli kwamba nguzo ya mwisho yenye tarehe iliyosimamishwa Tikal ni ya mwaka 869, na kwamba ukame, vita na wafalme walioelemea raia vimetajwa miongoni mwa sababu za miji hiyo kuhamwa. Waliokwisha ni wafalme wa miji ile. Watu walibaki, na wapo hadi leo kwa mamilioni. Na huko Flores unakokusifu, kisiwa hicho kilikuwa Nojpetén, makao ya Wamaya wa Itza, ambao Wahispania hawakuwashinda hadi mwaka 1697. Huo ni zaidi ya karne moja baada ya Wareno kuanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa.

Ndiyo maana mimi ninasema: Atitlán. Mwenda Pole anataka kuwajua watu, si mawe peke yake. Katika vijiji vinavyolizunguka ziwa utasikia Kitz'utujil upande mmoja na Kikaqchikel upande wa pili, na katika nyanda za juu wapo walezi wa siku wanaoihesabu kalenda ya siku 260 kama walivyoihesabu babu zao. Pale San Juan La Laguna wanawake hufuma kwa mtambo ambao ncha yake moja hufungwa kwenye nguzo na nyingine kiunoni mwa mfumaji mwenyewe, naye hukaza nyuzi kwa kuegemea nyuma tu. Nyuzi huzitia rangi za majani na magome.

Kaa na familia, kisha uingie jikoni. Jioni mama huchemsha mahindi pamoja na chokaa, huyaacha yalale, na asubuhi anapoyafikicha maganda huteleza yenyewe na maji hugeuka manjano. Huyasuuza, akayapeleka kinuni, na baadaye utasikia makofi ya mikono ikitengeneza mikate. Chokaa hiyo ndiyo inayoifungua vitamini iliyojifunga ndani ya hindi. Wanaokula mahindi makavu siku zote bila ujuzi huo wamewahi kuugua ugonjwa wa ngozi na akili uitwao pelagra. Mahindi yalivuka bahari yakatufikia pwani kwa njia ya Wareno, lakini ujuzi wa chokaa ulibaki kwa wenyewe.

Fundi Chokaa
Nimekubali kuhusu neno hilo, Bi Mkunguni. Ila Atitlán hakuna Tikal. Kutoka ziwani hadi Flores ni safari ya kutwa nzima au zaidi kwa gari, na hiyo si kwenda polepole, ni kuteseka polepole.

Mpwa wa Toronto
Kwa kuwa mmetaja safari za gari, naomba nieleze yaliyonikuta, ili Mwenda Pole asije akaamua kuunganisha nchi mbili kwa tiketi moja ya wakala kama nilivyouziwa mimi. Nilikuwa San Cristóbal de las Casas, kusini mwa Meksiko, na wakala mmoja wa mjini, ambaye sitamtaja, aliniuzia safari “kamili” hadi Flores: basi dogo mpaka kijiji cha mpakani cha Frontera Corozal, boti ya kuvuka mto Usumacinta, kisha basi jingine upande wa Guatemala. Alinihakikishia kwamba dereva wa upande wa pili angetupeleka uhamiaji kugongewa mhuri.

Boti ilituvusha vizuri. Ni chombo chembamba cha injini chenye paa la makuti, na mto ni mpana, una rangi ya chai ya maziwa. Tulipopanda ukingo wa pili hapakuwa na dereva wala basi. Tulikaa chini ya mti mpaka jua likaanza kushuka, simu ya wakala ikiita bila kupokewa, kisha akaja kijana mwenye gari lililojaa magunia akatudai nauli upya, nasi tukalipa kwa sababu giza lilikuwa linaingia. Alipoulizwa kuhusu mhuri alisema ofisi imekwisha kufungwa na kwamba tungegongewa Flores. Flores wakatuambia turudi mpakani. Nilirudi kesho yake kwa gharama yangu, barabara ya vumbi kwenda na kurudi, nikamkuta ofisa mpole aliyenigongea kwa dakika mbili. Fedha zangu kwa wakala sijazipata hadi leo, na barua zangu hazijibiwi.

Pamoja na hayo yote, nilipotoka Frontera Corozal kabla ya kuvuka, nilikuwa nimekwenda mji wa kale wa Yaxchilán kwa boti, kwa maana mji huo hufikiwa kwa mto, na siku iliyotangulia nilikuwa nimeziona picha za ukutani za magofu ya Bonampak, zilizochorwa karibu na mwaka 790, zenye wapiga tarumbeta na mateka wanaovuja damu vidoleni. Mambo hayo mawili sikuyaona yakilinganishwa na chochote katika orodha zenu.

Binti wa Makupa
Pole sana, ndugu. Hii ndiyo sababu ninaipenda Yucatán: hakuna mpaka wa kuvuka, na sasa kuna treni iitwayo Tren Maya tangu Desemba 2023. Unapanda treni Mérida ukashukia Campeche, ukaenda magofu ya Edzná, kisha ukaendelea hadi mji wa kale wa Palenque.

Fundi Chokaa
Treni hiyo usiisifu haraka, Dada. Njia yake ilikata msitu kati ya Cancún na Tulum, juu ya mapango yenye mito ya chini kwa chini, na nguzo zimepigwa hadi ndani ya mapango yenyewe. Anayejiita msafiri wa polepole atapandaje?

Binti wa Makupa
Na ndege ya kumpeleka huko haichomi mafuta? Wapo wanakijiji wanaoipinga treni na wapo wanaoipanda kwenda kuuza asali mjini. Kosa lake kubwa kwa msafiri ni stesheni kuwa mbali. Ya Mérida iko Teya, nje ya mji, na lazima upande basi jingine.

Mzee wa Kisimani
Palenque imetajwa kwa kupita tu, ilhali kwangu ndiyo kitovu. Mwanaakiolojia Alberto Ruz Lhuillier na watu wake walitoa kifusi katika ngazi za ndani ya Hekalu la Maandishi kwa misimu kadhaa, na mwaka 1952 wakafika kwenye kaburi la mfalme Pakal, aliyetawala tangu mwaka 615 hadi 683. Anayetaka kujifunza kusoma nchi kwa utulivu aanzie hapo. Lakini Mwenda Pole bado hajatujibu.

Mwenda Pole
Niwieni radhi kwa kuchelewa. Pasipoti yangu ni ya Kenya, ninafanya kazi Maskati, na nina visa ya Schengen ambayo ni hai hadi mwisho wa mwaka. Ninaondoka katikati ya Juni kwa wiki sita hivi. Kihispania sijui. Goti la kushoto lina tatizo la siku nyingi.

Mzee wa Kisimani
Juni! Hapo umo ndani ya mvua, ndugu yangu. Yucatán itakuwa na joto la kutoa jasho umekaa, na njia za msituni Petén zitakuwa tope, kwa hiyo magofu ya El Mirador, yaliyo ndani ya msitu huo, usiyafikirie kabisa. Kwa visa, Meksiko ni rahisi zaidi kwako.

Bi Mkunguni
Atitlán iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hakuna joto hilo, na mvua mara nyingi huja mchana ikaisha. Kihispania utafundishwa hukohuko, mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja. Kuhusu goti, vijiji vina miinuko mikali, hilo siwezi kulificha.

Fundi Chokaa
Tikal ni tambarare usipopanda mahekalu. Bado sijashindwa.

Binti wa Makupa
Kabla ya yote hayo, muulize wakala tiketi ya Guatemala City inapitia wapi. Ikipitia Marekani utahitaji visa ya kupita, hata kama hutoki nje ya uwanja wa ndege.

Mwenda Pole
Ya Cancún inapitia Frankfurt. Ya Guatemala City inapitia Houston, na hilo wakala hakunieleza. Nitamwona kesho asubuhi. Bi Mkunguni, walimu hao wa Kihispania hufundisha pia mtu anayekuja kwa wiki mbili tu?