Deraya za mota kwa kikosi cha Ziwa: Kiboko, Pimbi au Fisi Maji?

MchoraMawe
Wakuu, mwangaluka.

Nachora katuni ya hadithi ya kubuni inayotokea mwaka 2160 hapa hapa kwetu Mwanza. Magendo ya sangara yamekua mpaka yamekuwa vita kamili, na kuna kikosi kinacholinda mwambao kuanzia Kirumba hadi Ukerewe. Askari wake wanavaa deraya zenye mota, yaani vazi la kivita linalojibeba lenyewe na kumwongezea mvaaji nguvu. Michoro ninayo ya aina tatu, lakini wahusika wakuu watavaa moja tu. Nataka hoja, sitaki "hiyo imekaa poa mkuu" halafu basi.

Ya kwanza nimeiita Kiboko. Chuma na seramiki toka utosini hadi unyayoni, haidroliki (mabomba ya mafuta yenye presha ya kusukuma) kwenye kila kiungo, injini ya dizeli mgongoni. Ukijumlisha na mtu ndani anafika kilo 300. Anang'oa mlango wa kontena na anaruka mita kumi kwenda juu.

Pimbi ni kiunzi chepesi cha kaboni kinachofuata miguu na mgongo, mota kwenye nyonga na magoti, betri kiunoni, sahani za kinga kifuani na mgongoni tu. Kilo 25 bila mtu. Huyu nimemchora kwa ajili ya kupanda vilima vyetu vya mawe.

Fisi Maji amefungwa asipitishe tone, anatumia misuli ya bandia badala ya haidroliki, anaogelea na anatembea chini ya ziwa. Kilo 120 bila mtu.

Moyo wangu uko kwa Kiboko, sifichi. Nawasilisha.

FundiBoti_Igogo
Mleta mada, umetuambia wanang'oa nini. Mimi nauliza wanakula nini.

Tuseme Kiboko anatafuna kilowati 2 akiwa kazini, na hapo nimempunguzia sana. Betri nzuri ya lithiamu ya siku hizi inahifadhi kama wati-saa 250 kwa kilo. Mpe betri ya kilo 20, saa mbili na nusu amekauka. Dizeli kilo moja ina wati-saa kama 12,000, na injini ndogo ikigeuza robo yake tu kuwa kazi, kilo 20 zilezile zinampeleka saa 30. Kwa hiyo kwenye dizeli hukukosea. Shida ni zile robo tatu zilizobaki. Zinakuwa joto, kilowati 6 zinatoka mgongoni mwa askari wako usiku kucha. Adui mwenye kamera ya joto atamwona akiwa amekaa zake kisiwani Saanane anakunywa chai. Kelele sijagusa. Na hapa tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua zaidi ya asilimia kumi, injini isiyo na taabo (turbo, kile cha kuisukumia hewa) itaanza kulalamika.

Watu wamejaribu haya mambo, msidhani ni ya kwenye katuni tu. Kampuni ya General Electric ya Marekani walianza mashine ya kuvaa ya Hardiman mwaka 1965, lengo mtu ainue kilo 680. Mashine yenyewe ikawa na uzito wa karibu huohuo, na walichopata cha kutumika ni mkono mmoja. Wakijaribu kuiwasha yote inarusha viungo ovyo. Deraya ya XOS 2 ya kampuni ya Raytheon, mwaka 2010, ilikuwa na haidroliki tamu, ila imefungwa na waya kwenye chanzo cha nishati. Makomando wa Marekani wakatangaza mradi wa TALOS mwaka 2013, deraya kamili ya kuingilia mlangoni. Ukafungwa 2019 bila vazi hilo kuingia vitani. Hela zilikuwepo, wataalamu walikuwepo.

Ngosha_Mabatini
Kiboko apite wapi huku kwetu? Ngazi za kupandia ziko kati ya jiwe na ukuta wa jirani, mwenye gunia la mkaa anapita ubavu. Wenye magendo wakishafika juu, komando wako atabaki chini anapiga honi.

MchoraMawe
Anavunja ukuta.

Ngosha_Mabatini
Ukuta sawa. Na jiwe?

Mwalimu_Nyegezi
Niguse hapo kwenye kuruka mita kumi, maana wanafunzi wangu wangenicheka nikinyamaza.

Ukitua kutoka urefu huo unafika chini kwa mwendo wa mita 14 kwa sekunde, karibu kilomita 50 kwa saa. Magoti ya Kiboko yakijikunja nusu mita ili kupunguza kishindo, mvaaji anabanwa kwa kama mara 20 ya uzito wake. Mota zitavumilia na chuma kitavumilia, uti wa mgongo ndio hautaki. Marubani wanaorushwa na kiti cha dharura cha ndege ya kivita hupata mshtuko wa karibu na huo, na wapo wanaovunjika pingili. Mpunguzie hadi mita mbili: kama mara 5 ya uzito, kijana mwenye mazoezi anabeba.

Halafu nyayo. Mtu wa kilo 75 akisimama kwa mguu mmoja wenye sentimita za mraba 200, anakandamiza kwa chini kidogo ya kilo 0.4 kwa kila sentimita ya mraba. Kiboko wa kilo 300, hata ukimpa unyayo mkubwa maradufu, ni 0.75. Mara mbili ya mtu mtupu. Sasa nenda ukingoni pale ambapo hata mtu mtupu anazama hadi kwenye kifundo.

BintiNansio
Kaka Mchora, mimi ni wa Ukerewe na nimekuwa nasoma hapa nacheka. Mwambao mnaouchora ni ule wa kadi za posta, wenye mawe na jua linazama. Mwambao mwingi ni matope, matete na magugu maji. Mwalimu ameshakumalizia Kiboko kwenye matope.

Nyongeza yangu ni wadudu. Mnajua wale mbu wa ziwani wasiouma, wanaopaa kutoka majini hasa mwezi unapoandama, kama moshi wa msitu unaoungua? Likipita wingu moja kijijini unafunga mdomo na kufunika sufuria. Injini ya dizeli inavuta hewa. Kichungi chake kitajaa ndani ya dakika chache, na askari anakisafishaje akiwa na vidole vya chuma?

Mimi nampigia kura Fisi Maji. Hao wa magendo wanasafiri kwa maji, wakamatwe majini.

DroniTu
Mwaka 2160 bado mnavalisha watu vyuma? Tumeni droni, uzi ufungwe.

Mzee_Kombania
Kijana, droni haishuki ndani ya mtumbwi kupekua chini ya nyavu, wala haimtoi mtoto aliyetekwa na majambazi. Kila silaha mpya huwa inaambiwa itamwondoa askari wa miguu. Tuendelee.

Nimevaa kofia ya chuma na kubeba mzigo miaka mingi ya ujana wangu, kwa hiyo niruhusuni niulize swali ambalo hamjaliuliza. Deraya ikizima, mvaaji anafanyaje? Itazima tu. Risasi itakata hozi, betri itakwisha, maji yataingia kwenye kompyuta.

Kiboko akizima, askari amefungiwa ndani ya chuma kinachozidi kilo mia mbili na haidroliki imeganda. Hawezi kuinua hata mkono kufungua kofia. Wenzake watahitaji winchi, na winchi haiji chini ya risasi. Pimbi akizima, kijana anavuta pini mbili, kiunzi kinadondoka, anakimbia. Hata asipokivua, kilo 25 ni mzigo ambao askari wa kawaida anautembeza. Kwangu hilo linatosha kuamua. Sahani ya kifuani inazuia risasi, lakini kinachomrudisha askari nyumbani mara nyingi ni miguu yake.

Na tusiidharau kazi ya kubeba. HULC, kiunzi cha kuvaa cha kampuni ya Lockheed Martin, ilitengenezwa ipitishe kilo 91 kwenye kiunzi hadi ardhini bila kumlemea mtu. Mwenye kazi hiyo peke yake tayari nampa mshahara.

MchoraMawe
Mzee shikamoo. Hilo la kuzima limenikaa. Na Fisi Maji akizima?

Mwalimu_Nyegezi
Inategemea umempa ujazo gani. Kilo 120 na mtu wa kilo 75 ni 195. Asipochukua nafasi ya zaidi ya lita 195 za maji, anazama. Wastani wa kina cha ziwa letu ni mita 40 hivi, na huko chini mgandamizo unazidi mara tano ya hewa ya Mwanza. Mjaze povu gumu mabegani na kifuani, aelee akizima, na akitaka kuzama avute maji kwenye matangi kama nyambizi. Lakini povu linachukua nafasi: utakuwa na mtu mwenye mabega ya kabati. Ngosha atakuuliza tena kuhusu ngazi.

Ngosha_Mabatini
Nilikuwa nasubiri zamu yangu.

Nesi_Kirumba
Mmezungumza mota, hamjazungumza mtu. Mtu anayefanya kazi nzito anatoa joto la wati 400 mpaka 500. Kwa kawaida jasho linapoza kwa sababu linakauka. Ndani ya vazi lililofungwa kabisa halikauki, linatiririka tu hadi kwenye buti, na joto la mwili linapanda. Kwanza anaanza kujibu maswali vibaya, kisha anaanguka. Hiyo ni kwa Kiboko na Fisi Maji wote. Pimbi yuko wazi, ana nafuu.

Dawa ipo. Wanaanga wanavaa nguo ya ndani yenye mirija midogo inayopitisha maji. Na Fisi Maji amebahatika: maji ya ziwa ni kama nyuzi 25, ngozi ni kama 35. Akivuta maji ya nje yakapoza yale ya mirijani, chini ya lita moja kwa dakika inatosha kumtoa mtu wati 500. Akiwa majini hahitaji friji wala gesi. Akitoka nchi kavu ndipo saa inaanza kuhesabu.

FundiBoti_Igogo
Dada umeongea. Ila mnajua ninacholipwa nacho mjini hapa? Kuzibua pampu za maji za injini za boti. Magugu maji yapo ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wameletewa wadudu wa kuyala, yamepungua, yanarudi. Mzizi mmoja kwenye mdomo wa pampu, injini inachemka. Kwa Fisi Maji kinachochemka ni mtu.

Weka vichungi viwili, kimoja kila ubavu, na valvu ya kugeuza mkondo ili pampu iteme uchafu nje. Oili sili za viungo (mipira ya kuzuia maji yasipenye) ziwe za kubadilishika bila kufungua deraya nzima, maana mchanga wa ziwa ni msasa. Askari wako wa 2160 atakuwa na fundi nyuma yake kama mimi, mchore na huyo. Hakuna katuni inayomchoraga fundi.

MchoraMawe
Fundi, umepata kazi kwenye ukurasa wa nne.

Basi naona inaelekea hivi. Wahusika wakuu wanavaa Pimbi. Wanapanda Mabatini na Isamilo, wanarukaruka juu ya mawe mita mbili mbili kama Mwalimu alivyoruhusu, na betri wanabadilishana. Fisi Maji wawe wawili tu kwenye kikosi, hawatoki majini zaidi ya robo saa, povu mabegani. Kiboko siwezi kumtupa, nimemchora mara nyingi mno. Nafikiria nimtoe injini nimfunge waya wa umeme kutoka jenereta la kivuko, kama ile XOS. Akae kwenye gati anahamisha makontena, na siku ya mapambano awe ngome ya gati.

BintiNansio
Hapo umefikiri. Bila injini hana haja ya kuvuta hewa, wadudu wapite zao.

Mzee_Kombania
Naafiki, kwa sharti kofia na kifua vifunguke kwa mkono kutoka nje. Mpini mmoja mwekundu, mahali ambapo hata mtoto ataufikia.

FundiBoti_Igogo
Waya wa urefu gani?

MchoraMawe
Mita 60 hivi. Unaning'inia kutoka kivukoni, unapita majini, unapanda gatini.

FundiBoti_Igogo
Unapita majini? Upepo wa usiku ukileta kisiwa cha magugu maji kutoka upande wa pili, unajua uzito wa kile kitu? Kitauzoa waya na kumvuta Kiboko wako ziwani kinyumenyume.

MchoraMawe
Fundi, usifute hiyo komenti. Nimeshapata sura ya tatu.

Ngosha_Mabatini
Anayeenda kumvuta mpini mwekundu ni Pimbi wa Mabatini, siyo wa Capri Point kwa wenye nazo. Niandikie hilo.