Maneno ya Kihispania ya kuongelea mastaa, naomba msaada

Wakuu habari zenu, najifunza Kihispania huu mwezi wa nne sasa, mwalimu kanipa kazi nimwelezee mtu maarufu ninayemkubali nikamchagua Messi. Nikaandika "Admiro Messi. Messi es un estrella famoso" (namkubali Messi, ni nyota maarufu), imerudi imejaa wino mwekundu na sioni kosa liko wapi. Halafu mastaa kwa ujumla wanaitwaje?

nyota_njema: Estrella ni ya kike siku zote hata ukimsema mwanaume, kwa hiyo "Messi es una estrella", na sifa inafuata jinsia ya neno, haifuati ya mtu, "una estrella famosa". Ídolo (mtu unayemkubali sana) na personaje (mtu mashuhuri) ziko upande wa kiume hata kwa mwanamke, "Shakira es mi ídolo". Cantante (mwimbaji) na futbolista (mcheza soka) zenyewe hazibadiliki unabadilisha tu kile kineno cha mbele, el kwa mwanaume na la kwa mwanamke, ila actor (mwigizaji) akiwa mwanamke ni actriz. Mastaa sema los famosos, inatosha.

mpenda_lugha: Mwenzangu kasahau kosa kubwa, ni ile a. "Admiro a Messi". Na hii sisi tunayo kabisa! Unasema nimeona filamu, lakini akiwa mtu ni nimemwona Messi, ukisema nimeona Messi sikio linakataa. Basi kile ki-m chetu ndo a yao: vi la película, vi a Messi. Mimi nilihangaika nayo miezi mpaka nilipoiona hivi, tangu hapo inakuja yenyewe.

mpenda_lugha: Na kazi ya mtu haiwekewi un wala una, "Messi es futbolista" basi. Ukiongeza sifa ndo inarudi, "Frida Kahlo fue una pintora mexicana" (alikuwa mchoraji wa Mexico), fue kwa sababu alishafariki, murió en 1954.

daftari_la_zamani: Majina pia muwe makini, wengi wana ya ukoo mawili la baba na la mama. Yule mwandishi wa Kolombia wa Nobel ya 1982 ni García Márquez, msimwite Márquez peke yake. Habari za udaku Uhispania wanaita prensa rosa, Amerika ya Kilatini utasikia farándula.

Muuliza swali: Asanteni sana jamani, hiyo ya ki-m imenifungua macho. Sasa: "Admiro a Messi. Es una estrella. Nació en Rosario en 1987."

mpenda_lugha: Safi. Weka na alivyopata jina, "se hizo famoso en Barcelona", alafu peleka.